Riakta za kaboni na GFO ndani ya sampu: pampu moja au mbili, na koki ikae wapi?

Kaskazi_Kgb

Wakuu habari za humu, naomba msaada kabla sijaanza kukata mabomba. Nina tangi la maji chumvi hapa Kigamboni, la juu lita 300 na sampu (tangi la kuchujia) chini ya kabati inabeba kama lita 100, vyumba vitatu: maji yanashuka kwenye soksi ya kuchuja, yanaingia chumba cha skima (ile inayotoa uchafu kwa povu), halafu chumba cha mwisho ndo iko pampu ya kurudisha juu, ya lita 3000 kwa saa. Samaki ni klaunifishi wawili, kangaja mmoja mdogo na gobi, matumbawe mengi ni laini, aina ya zoa na ledha, na hama mbili (matumbawe ya mfupa yenye vidole) ambazo ndo roho yangu ilipo.

Shida ni fosfeti. Kipimo changu cha Hanna kinasoma 0.38, naitreti iko kama 20, na mwani wa nywele umeshika mawe ya juu karibu na taa, nikiung'oa leo wiki ijayo uko palepale, zoa zingine zimeanza kujifunga kwa sababu mwani unazipandia. Maji nayo yana unjano ukiangalia tangi kwa ubavuni. Skima haina tatizo, kikombe kinajaa uchafu mweusi mzito. Sasa kuna mtu alikuwa anahama nchi kaniuzia riakta mbili zilizotumika, za mtungi wa akriliki unaopitisha maji kwenye kichujio, za kusimama ndani ya sampu, na kopo la GFO (chenga za oksidi ya chuma zinazonasa fosfeti) na mfuko wa kaboni. Pampu ndogo ipo moja tu.

Nataka kujua hivi: naweza kuziunganisha zote mbili kwa hiyo pampu moja, maji yapite kaboni kwanza halafu yaingie GFO? Au nichukue maji kwenye bomba la pampu kubwa? Koki ya kupunguza maji nifunge kabla ya riakta au baada? Maji yakitoka yaende chumba gani? Na kasi yake iwe vipi, maana aliyeniuzia alisema tu "yachezecheze kidogo" na sijui kidogo ni kiasi gani. La mwisho, hapa mtaani kuna mama anachoma mkaa wa vifuu vya nazi, mzuri mweusi unalia kama chuma, siwezi kuusaga nikatumia badala ya kaboni ya dukani ikiisha? Maana kuagiza ni gharama.

Pweza_Nyali

Kaka Kaskazi, sampu yako imekaa vizuri kwa kazi hii, usiwe na wasiwasi. Nikianza na hilo la kuunganisha mfululizo, inawezekana na watu wanafanya, na sababu yao ni kwamba kaboni ikitangulia inakamata uchafu wa njano kabla haujaifunika GFO. Lakini mimi siipendi hiyo njia kwa sababu vitu hivi viwili vinataka maji tofauti. Kaboni haitakiwi icheze kabisa, inatakiwa itulie imebanwa kati ya sponji mbili maji yapite katikati yake, ikicheza inasagana yenyewe kwa yenyewe na vumbi lake jeusi linapanda kwenye tangi. Na wewe una kangaja, vumbi la kaboni limehusishwa na ule ugonjwa wa vidonda vya kichwani na ubavuni kwenye samaki wa jamii hiyo, kwa hiyo usilichukulie jepesi. GFO yenyewe ndo inataka kuchezacheza, la sivyo inaganda inakuwa donge moja gumu na maji yanatafuta njia pembeni, unabaki na riakta inazunguka bure. Ukiziunganisha mfululizo maji ni yaleyale, ukiyarekebisha yafae huku kule yanaharibika. Halafu siku ya kubadilisha kaboni inabidi na GFO usimamishe.

Kwa hiyo fanya sambamba. Pampu yako ndogo moja inatosha, toa mpira mmoja kwenye pampu, weka tii, matawi mawili, kila tawi na koki yake kisha ndo riakta. Pampu iwe na nguvu kuliko unavyohitaji halafu upunguze kwa koki, sio pampu dhaifu inayohangaika. Kutoa tawi kwenye bomba la pampu kubwa ni kuzuri pia, unaokoa umeme na joto la pampu ya ziada, ila kila ukigusa koki ya riakta maji ya kupanda juu nayo yanabadilika, na ukiwa ndo unaanza utachanganyikiwa kujua nini kimebadilisha nini. Baadaye ukizoea uhamie huko.

Pampu ya riakta iweke chumba cha skima, usiiweke chumba cha mwisho. Sababu ni kwamba maji yakipungua kwa mvuke yanashuka kwenye chumba cha mwisho peke yake, cha skima kinabaki usawa uleule kwa sababu ya kioo cha kugawa. Joto hili la kwetu maji yanapungua haraka, ukichelewa kujaza pampu ndogo itavuta hewa, na hewa ikiingia kwenye mtungi wa GFO inarusha chenga zote juu. Maji yanayotoka siku za mwanzo yaelekeze kwenye soksi ili vumbi lote liishie hapo, ukiona soksi haipati tena rangi ya kutu basi yaache yatoke hapohapo chumba cha skima.

Kuhusu kasi. GFO uijaze isizidi nusu ya mtungi, sponji chini ili maji yagawanyike sawa na sponji juu kuzuia chenga zisitoke. Fungua koki polepole mno mpaka uone ule uso wa juu unatokota pole kama uji unaoanza kuchemka, ni uso tu, sio mtungi mzima unazunguka. Ikizunguka yote itasagika, GFO ni laini kuliko unavyofikiri. Kwa riakta ndogo kama hizo mara nyingi ni lita 80 mpaka 120 kwa saa, na kupima ni rahisi, shika mpira wa kutokea uingize kwenye chupa ya maji ya lita moja ukiwa na saa ya simu, ikijaa kati ya sekunde 30 na 45 uko humo. Kaboni unaweza kuipa zaidi kidogo mradi haitikisiki.

Na kabla ya kuunganisha kwenye tangi isafishe! Usimwage tu ukaunganisha. Weka riakta kwenye ndoo, pitisha maji ya RO (yaliyochujwa mpaka madini yakatoka) au maji ya tangi uliyotoa wakati wa kubadilisha, mpira wa kutokea uende ndoo nyingine, maji ya kwanza yatatoka mekundu kabisa rangi ya kutu, endelea kumwaga mpaka yawe meupe. Kaboni vilevile, yenyewe inatoka nyeusi.

Koki mimi nafunga kabla ya riakta. Mtungi wa akriliki na kifuniko chake haukuundwa kubeba presha, ukibana upande wa kutokea presha yote inakaa ndani na oringi inaanza kulia machozi.

mama_matumbawe

Kaskazi mdogo wangu, Pweza kakueleza bomba vizuri, mimi naomba turudi nyuma kidogo kwenye hiyo 0.38 maana nina wasiwasi na hizo hama zako.

GFO ni kitu chenye nguvu sana. Ukijaza kipimo chote kilichoandikwa kwenye kopo, fosfeti inaweza kushuka kwa kasi ambayo matumbawe hayaiwezi, na hama ndo zitakuwa za kwanza kukuonyesha, vidole vinarudi ndani, rangi inapauka, na ikizidi nyama inaachia mfupa. Tumbawe lililokaa kwenye 0.38 kwa miezi limeshazoea hapo. Anza na robo ya kipimo cha kwenye kopo, pima kila baada ya siku mbili, na ukiona imeshuka kwa kishindo punguza maji ya riakta au izime kabisa ukae kwanza. Sio mashindano. Kwa tangi la matumbawe laini na hama kama lako, ukifika 0.05 mpaka 0.10 umefika, usiitafute sifuri. Sifuri ina balaa lake, wanakuja wale dino, ule ute wa kahawia wenye viputo unaofunika mchanga na mawe, na kuutoa huo ni kazi kubwa kuliko mwani wa nywele mara kumi. GFO pia haigusi naitreti kabisa, sasa ukiiondoa fosfeti yote huku naitreti imebaki 20 unatengeneza kutolingana ambako hao dino wanakupenda.

Pima na alkaliniti (uwezo wa maji kushikilia pH) siku moja kabla na siku chache baada ya kuwasha, GFO mpya huwa inaishusha. Ikishuka ghafla pamoja na fosfeti ndo unaona watu wanasema "GFO imeniulia matumbawe".

Lingine, mawe na mchanga vimeshakula fosfeti kwa muda wote huo. Aragonaiti, ile chokaa ya mawe na mchanga huo, inaishika fosfeti juu yake, na maji yakianza kuwa safi inairudisha polepole. Kwa hiyo utaona imeshuka, unafurahi, baada ya siku kadhaa imepanda tena hata kama hujalisha kitu kipya. GFO haijaharibika hapo, ni mawe yanatema, endelea tu taratibu.

Kaboni wewe ndo unaihitaji hata kuliko GFO, na sio kwa ajili ya unjano peke yake. Ledha na zoa zinatoa sumu zao majini kupigana na majirani, na hama ndo jirani mwenyewe anayeumia. Kaboni inazikamata. Ila nayo weka kidogo kwanza, kwa sababu maji yakiondoka unjano ghafla mwanga unaoingia chini unaongezeka na matumbawe yanaweza kuungua, hivyo shusha taa kidogo wiki ya kwanza.

Mkaa wa vifuu hapana mdogo wangu. Ni kweli kaboni nyingi nzuri za dukani zimetengenezwa kwa vifuu vya nazi, lakini baada ya kuchomwa zinapitishwa mvuke kwenye joto la kama digrii 800 mpaka 1000 ili zitoboke vijitundu visivyoonekana, na ni hivyo vijitundu ndo vinafanya kazi. Mkaa wa yule mama ni wa kupikia, hauna vijitundu hivyo vya kutosha na una majivu, majivu yanapandisha pH na yanaingiza potasiamu na fosfeti, yaani unaleta kilekile unachokimbia. Hata ya dukani zingine zinatoa fosfeti, ijaribu kwanza: kijiko kimoja cha kaboni kwenye glasi ya maji ya RO, iache ilale, asubuhi pima hayo maji kwa Hanna. Ikisoma kitu cha maana usiitumie.

Sasa nijibu wewe. Maji ya kujazia yanayopungua kwa mvuke unatoa wapi? Maji chumvi ya kubadilisha unachota wapi? Na unalisha nini?

Maskati_Unguja

Assalaam alaykum jamaa. Niko Muscat, nimewasoma wote, nakubaliana na bi mama kwa kila alilosema, ila Pweza ndugu yangu kwenye koki tutapishana kidogo.

Ukifunga koki kabla ya riakta na mpira wa kutokea unashuka chini kuingia majini, ule mpira unavuta kama saifoni, unavuta maji kutoka mtungini kwa kasi kuliko yanavyoingia, na hewa inajikusanya juu ya mtungi ikakaa hapo. Basi GFO inacheza kwenye nusu maji nusu hewa. Ukiweka koki upande wa kutokea mtungi unajaa, hewa inasukumwa nje. Presha ya pampu ndogo ya sampu ni ndogo sana, haipasui kitu, na kama riakta iko ndani ya sampu hata ikidondosha tone linadondoka majini, hasara iko wapi? Pweza anachosema ni kweli kwa riakta iliyo nje ya sampu au iliyoungwa kwenye pampu kubwa, hapo hata mimi nafunga kabla.

Kwa huyu ndugu nilikuwa naona aweke koki zote mbili, ya kuingilia na ya kutokea, ya kutokea ndo ya kurekebisha kasi, ya kuingilia iwe ya kufungia tu siku ya kubadilisha. Koki ndogo ya plastiki haina gharama.

Na kwa vile ni za mkono wa pili, toa oringi kabla hujafanya lolote. Pitisha kidole kwenye mfereji wake, ukikuta chenga hata moja ya GFO ya zamani pale ndo litakapovujia. Ioshe, ipake grisi ya silikoni kidogo, sio mafuta ya kupikia wala vaselini, hizo zinaufanya mpira uvimbe. Skrubu za kifuniko uzikaze kwa kupokezana za kukabiliana, zishike tu, akriliki ukiikaza sana inapata nyufa ndogondogo kuzunguka tundu. Mtungi wenyewe kama una ukoko mweupe wa chokaa uloweke kwenye siki, usiusugue kwa sponji ya chuma utaujaza mikwaruzo usione ndani tena, na kuona ndani ndo faida yenyewe ya mtungi wa akriliki.

Kaskazi_Kgb

Asanteni sana, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Dada mama_matumbawe, maji ya kujazia natumia ya kisima cha hapa nyumbani, nayaacha yatulie kwenye pipa kwanza. Maji chumvi nachota baharini hapahapa upande wa Kigamboni, masika hii nimekuwa nachota palepale pa karibu maana barabara ya kwenda mbali ilikuwa mbovu. Kulisha ni kamba wa soko la Feri, nasaga nagandisha kwenye vipande, asubuhi na jioni.

Swali la nyongeza, umeme. Huku unakatika, wakati mwingine usiku mzima. Nina inveta lakini nimeiunga na pampu kubwa tu na pampu ya hewa, riakta haitakuwemo. Kuna shida umeme ukirudi?

mama_matumbawe

Basi fosfeti yako tumeshaiona inakotoka, na riakta peke yake haitakuokoa mpaka uzibe hapo.

Maji ya kisima yakipungua kwa mvuke maji yanaondoka lakini kilichomo kinabaki, halafu unaongeza tena, kila siku unarundika. Yapime fosfeti hayohayo ya kisima leo, usisubiri. Tafuta RO, kama unanunua kwa wale wa maji ya kunywa waombe wakupe kabla hawajaongeza madini, na uwe na kale kakifaa ka TDS, ka kupima vitu vilivyoyeyuka majini, ka kuhakikisha.

Bahari wakati wa masika, mvua inasomba kila kitu mitaani na mashambani inaleta ufukweni, mito na mifereji yote inamwaga pale. Chota kiangazi uhifadhi kwenye mapipa yaliyofunikwa gizani, au uchote maji yakiwa yamejaa vizuri, mbali na mdomo wa mto wowote, na upime chumvi kwa sababu maji ya mvua yanakaa juu. Unatafuta 35, au 1.026 ukipima kwa uzito.

Kamba wa Feri ni chakula kizuri sana, tatizo ni ile supu yake. Ukimsaga ile juisi ndo imejaa fosfeti, na samaki hawaili, inaenda moja kwa moja kwa mwani. Kiyeyushe kipande kwenye chujio la chai, kioshe kwa maji ya RO, ndo ulishe nyama tupu. Na mara moja kwa siku kwa samaki wanne inatosha.

Ukiwa unang'oa mwani kwenye zile zoa vaa glavu na miwani tafadhali. Baadhi zina palitoksini, ni sumu mbaya kweli, isikuingie jichoni wala kwenye kidonda, na jiwe lenye zoa usilichemshe wala kulimwagia maji ya moto, mvuke wake unaweza kulaza nyumba nzima hospitali.

koki_na_tii

Mimi ni fundi bomba kwa kazi na nina tangi dogo la chumvi nyumbani Tanga, nichangie sehemu yangu. Kaskazi ukienda duka la vifaa vya bomba kuwa makini sana. Watakupa fitingi za PPR zile za kijani au nyeupe wakikwambia ni plastiki, ni kweli nje plastiki, lakini zenye nyuzi ndani mwake wameweka shaba nyeupe au ya njano. Ichungulie tu utaiona inang'aa. Shaba ikikaa kwenye maji chumvi inaachia kopa, na kopa inaua kamba, konokono na matumbawe hata ikiwa kidogo sana. Koki nyingi za kuzungusha nazo tufe lake la ndani ni chuma kilichopakwa rangi. Chukua PVC tupu, koki ya PVC yenye tufe la PVC, zungusha uangalie ndani kwa tochi ya simu kabla hujalipa. Vibano vya mpira vya chuma hata kama wanasema haviozi, kwenye sampu vinaoza, tumia vya plastiki au ufunge kwa zipu tai mbili zikipishana.

Weka yunioni kila upande wa riakta. Watu wanaacha kwa kuona ni gharama, halafu siku ya kubadilisha GFO wanakata bomba. Ukiwa na yunioni unafungua kwa mkono unaitoa riakta nzima unaenda nayo jikoni kwenye sinki. Gundi ya PVC iache ikauke vizuri usiku mzima na uisuuze kwa maji ndo uiweke kwenye sampu.

Umeme. Kabla hujafunga kabati, zima pampu zote kwa makusudi ukiwa umekaa hapo, uangalie maji yanarudi mpaka wapi. Bomba la kurudisha litavuta maji ya tangi la juu mpaka mdomo wake utoke hewani, na mitungi ya riakta nayo inaweza kumwaga maji yake ikiwa mpira wa kutokea umezama. Yote hayo yanaingia sampu. Isipobaki nafasi ya vidole vinne juu, punguza usawa wa kazi. Usitegemee valvu ya kuzuia maji kurudi, chembe moja ya mchanga au konokono mdogo akikaa pale haifungi tena. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye kioo cha sampu, usijaze maji kupita hapo.

Pweza_Nyali

Maskati nimekusoma ndugu yangu, kwa riakta za ndani ya sampu hoja yako ya saifoni ina uzito, koki mbili ni sawa kabisa. Ambaye hataki koki ya pili basi aache mdomo wa mpira wa kutokea juu ya maji kidogo, udondoshe, saifoni inavunjika. Kelele kidogo tu.

Kaskazi kuhusu riakta kulala bila umeme, GFO na kaboni zina bakteria wengi wamejishikiza, maji yakisimama wanamaliza oksijeni iliyomo. Saa moja mbili hakuna neno. Usiku mzima ni kitu kingine, hasa kwenye joto letu hili, maji yaliyofungiwa mle yanaweza kuanza kunuka mayai viza, na hicho kinachonuka ni sumu kwa samaki. Umeme ukirudi usiku wewe umelala pampu itayasukuma yote sampuni. Kwa hiyo pampu ya riakta iweke kwenye soketi yenye swichi yake, ukisikia umeme umeenda na unaona hautarudi karibuni izime, asubuhi mpira wa kutokea utie kwenye ndoo, washa, mwaga ujazo wa mtungi mara mbili tatu, nusa, ndo uurudishe. Wale wanaotumia vidonge vya kulisha bakteria kwenye riakta hili linawahusu zaidi, vile vinaoza haraka kuliko GFO, ndo maana kwa umeme wetu simshauri mtu avitumie kama hana inveta ya kuvibeba.

Kaskazi_Kgb

Nimepima kisima. 0.61! Yaani kinazidi tangi. Nimesimamisha kuanzia leo, nimepata sehemu ya RO hapa Kibada watanitolea kabla ya madini. Riakta nimeloweka kwenye siki, nimetoa oringi kama Maskati alivyosema, moja imechanika, natafuta nyingine. Nitaanza na kaboni kidogo wakati huo nasubiri, GFO baadaye robo kipimo.

La mwisho, nitajuaje GFO imekwisha? Rangi yake haibadiliki.

mama_matumbawe

Umefanya vizuri sana. Kwa kisima hicho usishangae mwani.

GFO haiangaliwi rangi wala kalenda. Pima maji ya tangi, halafu pima maji yanayotoka kwenye mdomo wa mpira wa riakta, siku hiyohiyo. Ikiwa mpya, ya mpirani itasoma chini sana kuliko ya tangi. Inavyochoka zinakaribiana, zikilingana hiyo imejaa, itoe. Na hiyo ya kwanza itaisha mapema kwa sababu mawe yako yatatema sana, usione imekufa ukadhani umeuziwa mbovu. Kaboni yenyewe badilisha kama kila mwezi, huna cha kupima pale isipokuwa unjano ukirudi.

Na Hanna, futa kile kichupa kwa kitambaa laini kila mara kabla hujakiingiza, alama ya kidole peke yake inakupandishia namba, unga uyeyuke wote na usiwe na viputo vilivyong'ang'ania kioo, halafu kiingie kikiangalia upande uleule kwa vipimo vyote viwili. Kama yako ni ile ndogo inayosoma fosforasi kwa ppb, zidisha kwa 3.066 halafu gawanya kwa 1000 ndo upate fosfeti. Ni ipi uliyonayo? Maana kama ile 0.38 uliigeuza vibaya basi hata kipimo cha GFO tunakibadilisha.

Kaskazi_Kgb

Ni HI713 dada, inasoma fosfeti moja kwa moja.

mama_matumbawe

Basi robo kipimo inabaki palepale. HI713 kwenye namba za chini huwa inayumba kidogo, pima mara mbili uchukue wastani, na ukishafika chini ya 0.10 jitahidi upate HI774, inaona vizuri zaidi huko chini.